Sarafu Ilikuwa ya Maroni

Ndugu zangu wachoraji, waandishi wa katuni, na ninyi wasomaji mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja kukaa kwenye viti vya plastiki kunisikiliza, asanteni sana. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya wahalifu wa katuni, na najua wengi wenu mmekuja mkimtarajia Joker, adui mkuu wa Batman. Joker ana watu wengi wa kumsemea. Mimi nimekuja na Sal Maroni, bosi wa genge la mafia katika Gotham, jiji la kubuni anakoishi Batman, mtu mwenye suti nzuri na uso usio na alama yoyote. Nimekuja pia na adui yake, Harvey Dent, mwendesha mashtaka aliyemwagiwa tindikali mahakamani akageuka Two-Face, Mtu wa Sura Mbili. Ugomvi wao una umri wa zaidi ya miaka 80, na kila kizazi cha waandishi wa Marekani kimeusimulia upya. Naupenda ugomvi huu na unaniuma, kwa sababu moja ya nyumbani kwetu nitakayoanza nayo.

Shangazi yangu, dada yake baba, aliungua upande wa kushoto wa uso nilipokuwa darasa la tatu. Jiko la mafuta ya taa lililipuka usiku, akiwapikia uji watoto wasio wake. Akapona, na kovu likabaki kuanzia kwenye nyusi mpaka shingoni. Akipanda daladala hutafuta kiti cha dirishani mkono wa kushoto, ili shavu lile litazame nje. Picha ya pamoja ikipigwa, yeye husimama mwisho wa mstari na kugeuka kidogo.

Baadaye ikaja filamu ya The Dark Knight ya mwaka 2008, nasi vijana wa mtaani tukaionea kwenye kibanda umiza, madirisha yamezibwa kwa magunia na jasho linatutiririka. Mtafsiri alikuwa anaiingizia Kiswahili juu kwa juu. Dent alipogeuza uso na nyama ikaonekana mpaka kwenye taya, mtafsiri akapaza sauti: “Huyu sasa ndumilakuwili!” Kibanda kizima kikapiga kelele, na mimi nikiwemo. Wiki ile ile watoto wa jirani wakampa shangazi jina hilo. Akipita kwenda gengeni kununua nyanya, nyuma yake unasikia: “Ndumilakuwili! Ndumilakuwili!”

Sasa tulitazame hilo neno, maana ni letu. Ndumilakuwili ni nyoka anayesemekana ana vichwa viwili, anauma huku na anauma kule. Kwa binadamu ni yule anayekaa na wewe akala chakula chako, kisha akaenda kwa adui yako akala chake na kukuuza. Wakubwa hapa mnamkumbuka Ndumilakuwili wa jarida la katuni la Sani, na jina lile lilimkaa kwa tabia. Katika lugha yetu neno hilo halijawahi kuhusu ngozi ya mtu. Ni neno la ahadi, la mtu asiyekaa kwenye neno lake. Ilinichukua miaka mingi ya kusoma vitabu vyenyewe kugundua kwamba yule mtafsiri alikuwa na neno sahihi kabisa, ila alilipachika kwa mtu asiye wake.

Turudi mwanzo. Ni Agosti 1942, Detective Comics toleo la 66, kitabu cha senti 10. Mwandishi ni Bill Finger, na jina la Bob Kane liko juu kama ilivyokuwa desturi. Mwendesha mashtaka bado anaitwa Harvey Kent. Walikuja kulibadilisha kuwa Dent, maana Clark Kent, yaani Superman, alikuwa ameshajaa kwenye vitabu vya kampuni ile ile. Bosi naye anaitwa Moroni, kwa herufi o, na miaka ilivyokwenda ikawa Maroni. Kesi ni ya mauaji. Batman yuko kizimbani kama shahidi. Moroni anakana kila kitu, mpaka Kent anapotoa kielelezo: dola ya madini ya fedha yenye kichwa pande zote mbili, sarafu ya bahati ya Moroni, iliyookotwa penye mauaji ikiwa na alama za vidole vyake.

Hapo ndipo Moroni anaporusha tindikali. Batman anaruka kuizuia, anachelewa kidogo, na nusu ya uso wa Kent inaharibika.

Naomba tusimame hapa kidogo, maana wasimuliaji wengi wa leo huparuka haraka wakimbilie kwenye uso. Kent anapotoka hospitali anaichukua ile sarafu. Anaukwaruza upande mmoja mpaka uharibike kama alivyoharibika yeye, na tangu siku hiyo kila uamuzi wake anauachia hiyo sarafu. Ikiangukia upande uliokwaruzwa, anafanya uhalifu. Ikiangukia upande safi, anafanya jema, hata kutoa fedha kwa wenye shida. Tunapenda kusema sarafu ni alama ya nafsi mbili za Harvey, na si uongo, lakini sarafu ilikuwa ya Maroni! Ilikuwa kitu cha tapeli, kilichotengenezwa ili mwenye nacho asishindwe kamwe, halafu kikawa kielelezo cha mahakama. Mtu aliyesomea sheria, aliyekula kiapo cha sheria, anatembea maisha yake yote na mali ya adui yake mfukoni na kuiuliza nini cha kufanya. Maroni hahitaji kumfuata popote. Yumo ndani ya koti lake.

Huu ndio uandishi ninaotaka mjifunze, vijana wangu. Finger hakutia maneno mengi. Alichukua kitu kimoja kidogo, akakitoa mkono wa mhalifu, akakipitisha mkono wa sheria, akakifikisha mkono wa aliyeumizwa. Ugomvi wote umo ndani ya sarafu moja.

Mna haki ya kuuliza kama kisa hiki kilianguka kutoka mbinguni. Msomaji wa New York mwaka 1942 alikuwa na picha nyingine kichwani. Mwaka 1936 Thomas Dewey, mwendesha mashtaka maalumu, alimtia hatiani Lucky Luciano, bosi mkubwa kabisa wa mafia, naye akahukumiwa miaka 30 hadi 50. Mwaka mmoja kabla ya hapo, bosi mwingine, Dutch Schultz, alitaka Dewey auawe, na wenzake wahalifu wakaona heri wamuue Schultz mwenyewe. Dewey huyo huyo alichaguliwa gavana wa New York Novemba 1942, miezi michache baada ya kitabu kile kutoka. Kwa hiyo mwendesha mashtaka kijana, mtanashati, anayepambana na mabosi na kutajwa kwa vyeo vikubwa, alikuwa mtu wa magazetini. Kitabu kiliuliza tu swali ambalo kila mtu alikuwa nalo kooni: vipi kama siku moja watamfikia?

Walikuja kumfikia mtu kweli. Si Dewey. Ni mwandishi wa safu ya gazeti, Victor Riesel, aliyekuwa akiandika juu ya magenge yaliyoingia kwenye vyama vya wafanyakazi. Usiku wa manane, tarehe 5 Aprili 1956, ametoka kwenye mgahawa mmoja maarufu pale Broadway, kijana mmoja akamsogelea na kummwagia tindikali usoni. Riesel akapofuka macho yote mawili mpaka kufa kwake. Yule kijana aliuawa miezi michache baadaye. Bosi aliyeshtakiwa kwa kumtuma, Johnny Dio, kesi yake ilivunjika kwa sababu mashahidi waliogopa kusema. Na Riesel je? Alivaa miwani myeusi, akarudi kwenye taipureta, akaendelea na safu yake miaka na miaka.

Mtu aliyemwagiwa tindikali na mafia katika maisha halisi aliendelea na kazi ile ile iliyomponza. Katuni ndiyo iliyotufundisha kwamba mtu akiharibika uso huharibika na moyo. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu na sisi tindikali tunaijua. Mwaka 2012 na 2013 Zanzibar walimwagiwa viongozi wa dini, wakamwagiwa pia wasichana wawili wageni waliokuja kujitolea. Mlisikia redioni kama nilivyosikia. Basi unapochora shavu lililoungua ukaliweka kama bango la uovu, ujue kuna mtu anapita gengeni kununua nyanya.

Nisiwe mkali kwa Finger peke yake. Mwaka 1943, katika Detective Comics toleo la 80, Harvey alitibiwa na daktari bingwa wa upasuaji, uso ukarudi, akatulia. Kisa kilikusudiwa kufungwa pale. Lakini wasomaji waliutaka ule uso, wakaletewa waigizaji na matapeli wa kujipaka rangi wakijifanya Two-Face, mpaka mwaka 1954 Harvey mwenyewe akarudishwa kwenye uhalifu. Mwaka huo huo tasnia ikajiwekea kanuni kali za maadili, na Two-Face akatoweka mpaka mwaka 1971, Dennis O'Neil na Neal Adams walipomrudisha katika Batman toleo la 234.

Sasa nafika mahali ninapopapenda kuliko pote. The Long Halloween, matoleo 13, 1996 hadi 1997, mwandishi Jeph Loeb, mchoraji Tim Sale, aliyetutoka mwaka 2022. Humo Maroni si bosi pekee. Gotham ina mzee mkubwa zaidi, Carmine Falcone, anayeitwa Mrumi, na Maroni ni mshindani wake wanayekula naye sahani moja huku kila mmoja ameficha kisu. Kuna muuaji anayeua kila sikukuu. Na kuna watu watatu waliokula kiapo juu ya paa: Batman, kapteni wa polisi Jim Gordon, na Harvey Dent. Wamwangushe Mrumi, bila kuvunja sheria.

Baada ya baba yake kuuawa, Maroni anamwendea Dent na kukubali kutoa ushahidi dhidi ya Falcone. Fikirieni furaha ya Dent. Kwa mwezi baada ya mwezi kesi zake zimekuwa zikivunjika mkononi, na sasa bosi mzima anapanda kizimbani upande wa serikali. Dent anasogea kumhoji shahidi wake mwenyewe. Na shahidi wake mwenyewe ndiye anayemmwagia tindikali. Tindikali hiyo ilimfikia Maroni kwa mkono wa Vernon Fields, msaidizi wa Dent, mtu wa ofisi moja naye, anayejua hata kahawa yake inakunywewaje.

Ndugu zangu, ndumilakuwili ni nani hapo? Ni Maroni, aliyekula kiapo akiwa na tindikali mfukoni. Ni Vernon, aliyekuwa akipokea mshahara wa serikali na bahasha ya Mrumi. Nyuso zao hazina hata kipele! Dent, hata baada ya kuharibika, ana ahadi moja asiyoivunja: sarafu ikisema, ndivyo inavyokuwa. Ni ahadi ya kutisha na simtetei kwa watu aliowaua. Lakini katika jiji lile la wauma-kuwili, yeye ndiye mwenye neno moja.

Ugomvi wenyewe unaishaje? Mwandishi mvivu angempa Dent bastola na Maroni magotini. Loeb hakufanya hivyo. Maroni anapigwa risasi na Alberto, mtoto wa Falcone, wakati akihamishwa chini ya ulinzi. Dent hakuwepo hata kuona. Deni lake limelipwa na mtu asiyedaiwa, na hasira ikabaki haina pa kwenda. Ndipo anapomwendea Falcone, sarafu ikarushwa, na mzee akafa. Akamfuata na Vernon. Nimesoma kurasa zile mara nyingi, na kila mara naona mtu anayezunguka jiji akigawa risasi iliyokuwa na jina la marehemu.

Filamu ya 2008 ilielewa jambo hilo hilo kwa njia yake. Humo Maroni ni Eric Roberts na Dent ni Aaron Eckhart. Dent anaingia kwenye gari la Maroni, anakaa kiti cha nyuma pamoja naye, anamtaka jina la askari aliyemuuza Rachel, mpenzi wake Dent aliyeuawa. Anarusha sarafu. Upande safi. Maroni amepona. Kisha anafunga mkanda, anarusha tena, na safari hii ni ya dereva. Dereva anapigwa risasi, gari linapinduka. Tazameni ilivyopangwa: sheria ya sarafu imemsamehe bosi, na anayelipa kwanza ni mfanyakazi aliyeshika usukani. Nani hapa mtaani kwetu hajawahi kuona hukumu ikitembea hivyo?

Ila filamu ile ina kosa moja ambalo sijalisamehe. Iliichukua sarafu kwa Maroni ikampa Dent tangu mwanzo kama kumbukumbu ya baba yake. Najua wazo hilo lilikotoka. Mwaka 1990, katika kitabu cha mwaka cha 14 cha Batman, Andrew Helfer aliandika kwamba baba yake Dent alikuwa mlevi aliyekuwa akirusha sarafu kila usiku kuamua kama ampige mtoto au asimpige, na sarafu ina kichwa pande zote. Ni wazo zito, linaumiza, na nilipolisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu. Katuni ya televisheni ya mwaka 1992 nayo ilitafuta kidonda cha utotoni, ikamwondoa Maroni kabisa, ikamweka bosi mwingine, Rupert Thorne, aliyeiba siri za matibabu ya akili ya Dent ili amtishe nazo.

Hizi zote ni kazi nzuri. Lakini angalieni kinachopotea sarafu ikihama. Ikitoka kwa baba, ubaya wa Dent umetoka nyumbani kwao, ulikuwa unamsubiri tu, na tindikali ikawa kama ufunguo. Maroni anakuwa tarishi. Ikitoka kwa Maroni, ubaya umetoka kwa mwenye genge, umepitia mahakama iliyoshindwa kukagua mifuko ya mshtakiwa, umempata mtu mzima mwenye akili zake na mchumba wake Gilda. Mimi nasimama na sarafu ya 1942. Wengine hapa mtanipinga, na tutabishana wakati wa chai.

Kuna kijana kanitumia swali kabla sijapanda hapa: “Mwalimu, mbona na Al Capone halisi alikuwa na makovu?” Swali zuri. Ni kweli, alikuwa na makovu shavu la kushoto, magazeti yakamwita Uso wa Kovu, jina alilolichukia. Lakini soma habari zake uone kilichowasumbua wapiga picha: Capone alikuwa akiwageuzia shavu la kulia. Bosi wa Chicago, aliyewatia watu hofu jiji zima, alikuwa akisimama mbele ya kamera kama shangazi yangu anavyosimama mwisho wa mstari. Watu walikufa chini ya Capone kwa sababu ya pombe haramu, fedha na bunduki, na mwaka 1931 alihukumiwa kifungo cha miaka 11 kwa kukwepa kodi. Kovu lake halikufanya lolote katika hayo. Nalo pia lilikuwa kidonda kwanza.

Kwa hiyo mnapokwenda kuchora, nawaomba mnichoreeni Maroni. Mchoreni vizuri, msimharakishe. Mchoreni akila, akimtania mhudumu, akimbeba mjukuu, akiahidi. Mpeni uso tunaoupenda. Mchoreni na Vernon akifunga faili na kuzima taa ya ofisi. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuchora ngozi iliyoungua, na ndiyo maana naiomba kwenu.

Nimalizie kwa shangazi, maana nilimwahidi nitawaambia. Mwaka jana nilimpelekea The Long Halloween. Hasomi Kiingereza, nikamfungulia kurasa na kumtafsiria, tumekaa barazani. Nilipofika penye mahakama nilitaka kuruka, akanishika mkono nisifungue mbele. Akautazama uso wa Dent muda mrefu. Akauliza, “Hospitali walimpaka nini?”

Nikamwambia, “Hawasemi, shangazi. Alitoroka kabla hajapona.”

“Hakusubiri vikauke?”

“Hakusubiri.”

Akatikisa kichwa, akajivuta kanga begani. “Basi vitakuwa vinamwasha sana usiku, huyo mtoto wa watu,” akasema, akafungua ukurasa unaofuata mwenyewe.